Maandishi ya Nuru

1. Milima na mwitu

Masisi na Walikale ni wilaya mbili za Kivu ya Kaskazini, nazo ni jirani. Lakini mtu akitoka moja na kuingia nyingine huona kama amebadili dunia. Masisi ni nchi ya milima, baridi na ukungu. Majani mabichi yamefunika vilima, ng'ombe wanapanda na kushuka, na maziwa yao hufanywa jibini za mviringo ambazo watu hupenda sana kuzinunua. Walikale ni nchi ya mwitu mkubwa. Katika jimbo lote hakuna wilaya iliyo kubwa kama hiyo: ina kilomita za mraba zaidi ya 23.000, na Masisi haifiki hata 5.000. Huko kuna joto na mvua nyingi, na mto Lowa unateremka katikati ya miti mpaka Lualaba. Masisi utasikia Kihunde na Kinyarwanda. Walikale utasikia Kinyanga, Kikumu na Kitembo. Sokoni wote huonana kwa Kiswahili.

Katika nchi hizo mbili alikua mwalimu mmoja. Baba yake alikuwa mtu wa milimani, mama yake Mnyanga wa mwituni. Alifundisha darasa la nne katika shule moja ya Masisi. Mshahara wake ulikuwa mdogo, na nyumba yake ilikuwa ya mbao na mabati kama nyumba za jirani zake. Alipenda vitu viwili kuliko vingine vyote: kusoma vitabu, na kupiga picha za watu njiani na sokoni.

Watu wengine walimcheka. Walisema, «Vitabu ni kazi ya shule, na picha ni kazi ya arusi. Mbona huyu anasoma wakati hakuna mtihani, tena anapiga picha mahali pasipo na arusi?» Yeye hakukasirika. Aliwajibu, «Ni kazi moja tu. Nasoma karatasi, halafu nasoma njia.»

Je, alisema kweli? Kusoma kitabu na kupiga picha ni kazi moja? Tuone.

2. Nuru inavyoandika

Neno ambalo Wazungu hutumia kwa kazi ya kupiga picha limetoka katika lugha ya Kiyunani. Limeungwa kwa maneno mawili: nuru, na kuandika. Basi picha ni maandishi ya nuru. Kalamu ni nuru yenyewe, na wino ni kivuli.

Ukitaka kuona jinsi nuru inavyoandika, huhitaji fedha. Tafuta sanduku la karatasi ngumu. Upande mmoja toboa tundu dogo sana kwa sindano. Upande wa pili, unaolielekea tundu, kata dirisha, ukabandike juu yake karatasi nyembamba iliyopakwa mafuta. Ziba nyufa zote. Sasa simama nje wakati wa mchana, elekeza tundu kwenye mti au nyumba iliyopigwa na mwanga, lakini si kwenye jua lenyewe. Jifunike kichwa na upande wa dirisha kwa nguo nzito, ungoje macho yako yazoee giza. Utauona ule mti juu ya karatasi, na rangi zake. Lakini utakuwa umepinduka, shina juu na majani chini.

Kwa nini umepinduka? Kwa maana nuru husafiri kwa njia iliyonyooka, haijui kupinda kona. Nuru inayotoka kileleni mwa mti hupita katika tundu ikishuka, ikaangukia chini ya karatasi. Nuru inayotoka kwenye shina hupita ikipanda, ikaangukia juu. Hiyo ndiyo kamera ya kwanza. Watu waliijua kwa miaka mingi sana, lakini hawakujua namna ya kuizuia picha isipotee. Ukiondoa sanduku, picha nayo imekwenda.

Karibu na mwaka 1826 Mfaransa mmoja, Nicéphore Niépce, alifaulu kuishika nuru juu ya bamba la madini. Alipiga picha ya mapaa yaliyoonekana kutoka dirishani kwake, na bamba lile lingaliko mpaka leo. Mwaka 1839 Mfaransa mwingine, Louis Daguerre, akatangaza njia yake iliyo ya haraka zaidi. Mwaka 1888 Mmarekani George Eastman akaanza kuuza kamera ya Kodak, ambayo mtu wa kawaida aliweza kuibeba mkononi. Leo kamera imo ndani ya simu, wala haina haja ya filamu. Lakini kazi ni ile ile: chumba chenye giza, tundu dogo, na nuru inayoingia.

Mwalimu yule aliwatengenezea wanafunzi wake sanduku la namna hii kila mwaka. Kila mwaka walipiga kelele walipouona mlingoti wa bendera umesimama kichwa chini.

3. Kitabu cha njia

Kamera yake aliinunua Goma mwaka 2019. Ilikuwa ya mtumba, na bei yake aliilipa kidogo kidogo. Siku ya soko aliivaa shingoni akaenda.

Watu wengi hufikiri kwamba picha nzuri ni picha ya kitu kikubwa: volkano ya Nyiragongo ikiwaka usiku, au mkubwa wa serikali akishuka katika motokari. Mwalimu alitafuta vitu vidogo. Alitazama mikono ya mwanamke anayepanga viazi fungu fungu, akiweka kikubwa juu ili fungu lionekane zuri. Alimtazama mtoto aliyetumwa chumvi akasahau, akasimama kumwangalia fundi wa baiskeli. Alitazama chukudu.

Chukudu mnazijua. Ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, na magurudumu yenyewe ni ya mbao, yamevikwa mpira wa matairi ya zamani. Mwenye chukudu hutia makala, kabichi au mbao, mzigo unaomshinda yeye kwa uzito, akashuka mlima akisimamia mguu mmoja. Akifika penye kupanda husukuma mpaka shingo inatoka mishipa. Mjini Goma wamemsimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu, kwa sababu chakula cha mji kimepita juu ya mbao zake. Lakini mwalimu alisema kwamba sanamu haitoi jasho. Alitaka kuonyesha jasho.

Katika nchi hii hakuwa wa kwanza kupenda kazi hiyo. Mtu mmoja, Jean Depara, alizaliwa Angola mwaka 1928, akaja kukaa Léopoldville, mji unaoitwa leo Kinshasa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza baiskeli na kamera. Mwaka 1950, alipooa, alijinunulia kamera ndogo ya Adox kwa ajili ya arusi yake. Tangu hapo hakuiacha. Alipiga picha za wanamuziki, za vijana waliovaa vizuri, za njia na za usiku wa mji. Alikufa mwaka 1997. Leo mtu akitaka kujua jinsi vijana wa Léopoldville walivyovaa na walivyosimama karibu na mwaka wa uhuru, 1960, haendi katika vitabu tu. Anatazama picha za yule fundi wa baiskeli.

4. Mama wa viazi

Sokoni palikuwa na mama mmoja muuza viazi. Alikaa mahali pamoja kila juma, chini ya mwavuli uliovunjika mbavu mbili. Uso wake ulikuwa na mistari mingi, na alipocheka mistari yote ilicheka naye. Mwalimu alitamani sana kupiga picha yake. Akamwendea, akainama, akasema:

«Jambo, Mama.»

«Jambo, Mwalimu.»

«Mama, nakuomba ruhusa nikupige picha.»

Yule mama akaacha kucheka. Akafunika uso kwa kitambaa.

«Hapana, Mwalimu. Usinikasirikie. Wamepita hapa watu wengi wenye kamera. Vita vilipokuja walikuja, walitupiga picha tukilia, wakaenda. Hawakuuliza jina langu. Hawakurudi. Mimi sijui uso wangu uko wapi sasa. Labda uko Ulaya, ukutani kwa mtu nisiyemjua. Na wewe utaupeleka wapi?»

Mwalimu akaiweka kamera ndani ya mfuko. Hakubisha. Alinunua fungu moja la viazi, akaaga kwa heshima, akaenda zake.

Lakini lile swali lilikwenda naye: Utaupeleka wapi? Alilila pamoja na viazi jioni ile. Hakuwa na jibu. Basi akafanya kama alivyozoea kufanya kila alipokosa jibu. Akawasha taa, akafungua kitabu.

5. Hadithi iliyoombwa

Kitabu alichokuwa akisoma siku zile kilitoka katika mwitu wa mama yake. Ni utenzi wa Mwindo.

Wanyanga wa Walikale wana hadithi ndefu ya shujaa mdogo. Mkuu wa Tubondo, Shemwindo, aliwaamuru wake zake saba wazae wasichana tu. Mke wake aliyempenda akazaa mvulana, naye ni Mwindo. Mtoto huyo alizaliwa akijua kutembea na kusema. Baba akamtupia mikuki, akamzika, akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni, lakini Mwindo hakufa. Akasafiri ndani ya maji mpaka kwa shangazi yake Iyangura. Baadaye akamfuata baba yake mpaka chini ya nchi. Hakumfuata ili amwue. Alimrudisha nyumbani, na baba akaungama kosa lake mbele ya watu wote. Mwana, baba na shangazi wakakaa pamoja kwa amani. Hata Mwindo mwenyewe alikuwa na majivuno, na Nkuba, bwana wa radi, alimchukua juu mbinguni kwa mwaka mmoja mpaka akajifunza unyenyekevu.

Mwalimu alizijua habari hizi tangu utoto, kwa kinywa cha koko yake. Lakini sasa alisoma jinsi zilivyoingia katika karatasi, na jambo hilo lilimshangaza kuliko hadithi yenyewe.

Mwaka 1956 Mbelgiji mmoja, Daniel Biebuyck, na kijana Mnyanga, Kahombo Mateene, walimwomba mzee mmoja awasimulie. Jina lake Candi Rureke. Mzee akakubali. Hakusimulia kwa saa moja. Alisimulia kwa siku kumi na mbili. Aliimba, alicheza, aliigiza kila mtu wa hadithi, na watu wa kijiji walikuja kumsikiliza, wakamwitikia nyimbo na kumpigia vijiti. Wale wenye kalamu walikaa chini wakaandika neno kwa neno. Mwaka 1969 kitabu kikatoka Marekani, chenye maneno ya Kinyanga na tafsiri ya Kiingereza. Na ndani ya kitabu limeandikwa jina la mzee Rureke.

Mwalimu akaweka kidole juu ya jina lile. Akafikiri hivi: Hawa hawakupita na motokari na kunyakua. Waliomba. Walikaa. Walingoja siku kumi na mbili. Waliandika jina la mwenye mali. Kwa hiyo mtoto wa Kinyanga, miaka mingi baadaye, amefungua kitabu na kuisikia tena sauti ya watu wake. Hadithi ilikwenda mbali, lakini imerudi nyumbani.

6. Baba aliyekaa barazani

Baada ya siku chache akasoma habari nyingine, yenye uchungu. Ni ya zamani, wakati Kongo ilipokuwa mali ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Watu walilazimishwa kuleta mpira wa mwituni. Kijiji kisicholeta mpira wa kutosha kiliadhibiwa na walinzi wenye bunduki.

Mwaka 1904, mwezi wa Mei, baba mmoja jina lake Nsala alifika kwenye misioni ya Waprotestanti ya Baringa, mbali sana na Kivu, upande wa Ekwateri. Walinzi walikuwa wamemwua mtoto wake Boali, msichana wa miaka mitano. Alikuja na kifurushi cha majani, na ndani yake mkono na mguu wa mtoto, ndiyo yote yaliyombakia. Bibi mmoja Mwingereza, Alice Seeley Harris, alikuwa na kamera. Akamwomba Nsala akae barazani. Nsala akakaa, akaviweka chini mbele yake, akavitazama. Bibi akapiga picha.

Picha ile na nyingine zilipelekwa Ulaya na Marekani, zikaonyeshwa ukutani kwa taa mbele ya watu wengi. Watu waliosoma barua na ripoti waliweza kusema, «Huenda ni uongo.» Waliomwona baba yule amekaa hawakuweza kusema hivyo tena. Picha haikufanya kazi peke yake. Wako walioandika, wako Wakongo walioshuhudia kwa kinywa chao. Lakini ilisaidia. Mwaka 1908 mfalme aliondolewa nchi ile mkononi, ikawekwa chini ya dola ya Ubelgiji. Taabu hazikuisha siku ile, wala uhuru haukuja mpaka 1960. Lakini uovu ule mkubwa wa mpira ulikuwa umeonekana na ulimwengu.

Tazama jambo hili. Wakati wa ukoloni zilichapwa postikadi nyingi za watu wa Afrika. Chini ya picha hizo mara nyingi waliandika jina la kabila tu, au «mwanamke wa Kongo», basi. Mtu alitazamwa kama mti au mnyama. Lakini baba wa barazani anajulikana kwa jina. Mtoto wake anajulikana kwa jina. Miaka zaidi ya mia moja imepita, na leo watu wanaweza kumwombea Boali kwa jina lake.

Hapo mwalimu akapata jibu la Mama wa viazi.

7. Sheria tatu

Akajiwekea sheria tatu, akaziandika ndani ya jalada la daftari yake:

Ya kwanza, kuomba kabla ya kupiga, na kukubali neno «hapana» bila kununa.

Ya pili, kuandika nyuma ya kila picha jina la mtu, jina la kijiji, na siku.

Ya tatu, kumrudishia mtu picha yake mkononi.

Juma lililofuata akaenda sokoni bila kamera. Akanunua viazi, akasema, «Mama, uliniuliza nitaupeleka wapi uso wako. Jibu langu ni hili: nitakuletea mwenyewe.» Yule mama akamtazama kitambo, asiseme neno. Juma la pili hakusema neno. Juma la tatu akasema, «Je, na watoto wangu watakuwamo?»

Basi akaja na watoto watatu, wamepakwa mafuta na kuvikwa nguo za Dominika. Mdogo alikuwa msichana wa miaka mitatu, ameshika kiazi kwa mikono miwili kama zawadi. Mwalimu alipiga picha mbili tu. Aliposhuka Goma akazitoa katika karatasi, akaandika nyuma kwa kalamu isiyofutika na maji: jina la mama, majina ya watoto, kijiji, siku. Akampelekea mbili zote.

Mama akazishika mbali, halafu karibu. Akasema, «Kumbe nimezeeka!» Mistari yote ikacheka. Jirani zake wakaja kutazama. Tangu siku ile mwalimu hakutafuta tena watu wa kupiga picha. Watu walimtafuta yeye. Mzee wa jibini alikuja na kofia mpya. Kijana wa chukudu aliomba picha aipeleke kwa wazazi wa mchumba wake. Watu wengine walikataa mpaka mwisho, na mwalimu alikula chakula chao na kucheka nao vilevile.

8. Njia ya Januari

Mwezi wa Januari wa mwaka 2025 vita vilifika Masisi kati. Mji ukaingia mikononi mwa wapiganaji wa M23. Watu wakakimbia, wengine kuelekea Goma, wengine kuelekea Nyabiondo na mwitu wa Walikale. Njia ilijaa magodoro, mbuzi, masufuria, wazee waliobebwa mgongoni.

Mwalimu alikuwa njiani na kamera yake ndani ya mfuko. Aliona mambo ambayo ulimwengu ungepaswa kuyaona. Pengine Bibi Harris angepiga picha. Mara mbili mkono wake uliingia mfukoni. Lakini mbele yake palikuwa na mzee aliyeanguka, na nyuma yake mtoto aliyelia kwa kuchoka. Mikono miwili haiwezi kubeba mtoto na kamera. Akabeba mtoto. Siku ile hakupiga picha hata moja. Je, alitenda vema? Ulizaneni ninyi kwa ninyi darasani. Wako wapiga picha wema ambao kazi yao ni kushuhudia, na bila wao uovu hufichwa. Wako wengine ambao saa ile jirani zao wanawahitaji. Nsala alikwenda mwenyewe barazani kwa sababu alitaka watu wajue. Watu wa njia ile ya Januari walitaka kufika tu.

Katika msukosuko ule Mama wa viazi alipotewa na mtoto wake mdogo. Kundi la watu liligawanyika penye njia panda wakati wa usiku, na msichana akafuata mkono usio wake. Alikuwa sasa na miaka mitano, sawasawa na Boali.

Asubuhi mtoto akajikuta katikati ya watu asiowajua, uani kwa kanisa dogo. Katekista akamwuliza, «Jina la mama yako nani?» Akajibu, «Mama.» «Kwenu ni wapi?» Akajibu, «Kwetu.» Ndivyo wajibuvyo watoto wa umri ule. Wangefanya nini zaidi? Lakini kifuani, ndani ya nguo, alikuwa na mfuko wa plastiki uliofungwa kwa uzi, na ndani yake picha moja. Mama yake alikuwa amemfungia usiku wa kukimbia.

Katekista akatazama uso wa mtoto mwenye kiazi, akatazama uso wa mtoto aliyesimama mbele yake. Mtoto alikuwa amekua, lakini macho ni yale yale. Kisha akageuza picha, akasoma: jina la mama, majina ya ndugu, kijiji, siku. Akalitangaza jina la mama baada ya Misa, akalituma kwa simu na kwa vinywa vya waliopita. Siku ya tisa mama akaja, amevimba miguu. Mtoto alipomwona hakulia. Alimwambia, «Mama, picha haikulowa.»

Uso ulisema: huyu ndiye. Maandishi yalisema: huyu ni wa fulani. Uso peke yake usingetosha. Maandishi peke yake yangeweza kuwa ya mtoto mwingine.

Mwezi wa Machi wa mwaka ule ule vita vilifika Walikale penyewe, na wapiganaji wakaondoka mapema mwezi wa Aprili. Watu wengi walikimbia mara ya pili. Si kila mtoto aliyepotea alionekana. Ni haki kulisema hilo, kwa sababu wako wanaosoma somo hili wakingali wakingoja.

9. Uso na tendo

Kuna picha moja ambayo watoto wa Kivu wanaiona kanisani. Ni picha ya kijana wa Goma, Floribert Bwana Chui. Alizaliwa mwaka 1981. Alikuwa wa jumuiya ya Sant'Egidio, na alikuwa rafiki wa watoto wa njiani. Kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa mpakani. Mwaka 2007 walimpa hongo ili aache chakula kilichoharibika kipite, kiuzwe kwa watu. Akakataa. Wakamteka, wakamwua. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa kuwa Mwenyeheri mjini Roma.

Ukitazama picha yake utaona kijana tu, kama kaka yako. Picha haikuonyeshi hongo aliyoikataa. Haikuonyeshi dhamiri yake. Ili kuyajua hayo lazima usome habari zake, au umsikilize mtu anayezijua. Nuru inaandika uso wa mtu. Haiwezi kuandika moyo wake. Na kitabu kinaweza kukueleza moyo wa mtu, lakini hakikuonyeshi jinsi anavyocheka. Kwa hiyo yule mwalimu hakukosa aliposema kwamba ni kazi moja. Ni kazi moja yenye mikono miwili.

Nawe mwanafunzi, labda huna kamera, na labda kwenu kuna kitabu kimoja tu. Unaweza kuanza hata hivyo. Ukienda sokoni leo, tazama mtu mmoja vizuri, kwa heshima, kama unavyotazama ukurasa. Uliza jina lake. Ukirudi nyumbani, andika katika daftari yako mistari mitano: jina lake, kazi yake, mikono yake, neno alilosema, na siku yenyewe. Na kama kwenu kuna picha ya zamani, mwulize mama au koko walio ndani yake ni nani. Andika majina yao nyuma, polepole, kwa mwandiko mzuri. Fanya hivyo wiki hii, wanaowajua wangali hai.